Mtanzania anayefanya kazi kwa kompyuta akiwa Kigali au Nairobi: je, ile miezi sita ya Afrika Mashariki inatosha?

#1 Mwanakagera

Habari zenu wadau. Nina swali ambalo nimewauliza watu wengi bila kupata jibu la kushikika. Kazi yangu ni kutengeneza programu za kompyuta. Wateja wangu wako Ulaya, malipo yanatoka Ulaya, na hakuna Mnyarwanda wala Mkenya hata mmoja anayenilipa. Ninataka kuhamia Kigali kwa muda, na baadaye pengine Nairobi, huku nikiendelea na kazi ileile. Ninavyofahamu, chini ya Itifaki ya Soko la Pamoja la Jumuiya ya Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika Julai 1, 2010, raia wa nchi mwanachama anaingia bila viza na anaweza kugongewa muhuri wa kukaa hadi miezi sita.

Madai yangu ni haya, na ninayaweka hapa ili yapingwe: muhuri huo unanitosha. Vibali vya kazi viliwekwa ili kulinda ajira za wenyeji, nami ajira ya mwenyeji siigusi. Ninachofanya ni kula, kupanga nyumba na kununua bando katika nchi yao kwa fedha iliyotoka nje. Anayeona kuna kasoro aionyeshe, na aliyewahi kuishi hivyo aeleze ilikuwaje.

#2 Pwani_Kusini

Mkuu, uko sahihi kabisa. Nimeishi Kampala kwa mtindo huohuo na sikuulizwa kitu. Mpakani Mutukula afisa aliniuliza ninakwenda kufanya nini, nikajibu matembezi, akagonga muhuri, basi likaendelea. Tena siku hizi hata pasipoti si lazima, kitambulisho cha taifa kinatosha kuvuka.

#3 Karani_wa_Sheria

Ndugu Pwani_Kusini, tuanze na hilo la kitambulisho, maana mtu anaweza kupanda basi kwa kukuamini wewe akarudishwa mpakani. Kuvuka kwa kitambulisho cha taifa ni makubaliano ya Kenya, Uganda na Rwanda yaliyoanza mwaka 2014, na Tanzania haimo. Mtanzania anahitaji pasipoti au hati ya dharura ya safari. Kwa mtu anayekusudia kuishi nje kwa miezi, pasipoti ndiyo ya kutafuta: ni shilingi 150,000 na inadumu miaka kumi.

Sasa nije kwenye madai ya Mwanakagera. Itifaki haikutoa haki moja ya kuhama. Ilitoa haki kadhaa, na kila moja ina masharti yake. Ibara ya 7 inahusu watu kwa jumla, yaani kuingia bila viza, kutembea, kukaa na kutoka. Ibara ya 10 inahusu wafanyakazi, na kanuni zake zinamtaka mwenye mkataba wa zaidi ya siku 90 aombe kibali cha kazi katika nchi anayokwenda, huku mwenye mkataba mfupi zaidi akiomba pasi maalumu. Ibara ya 13 inahusu mtu anayejiajiri mwenyewe au anayefungua kampuni. Ile miezi sita tunayoizungumzia imo katika kanuni za ibara ya 7. Kwa maneno mengine, Mwanakagera anataka kukaa kwa haki ya ibara ya 7 na kutafuta riziki kama mtu wa ibara ya 13, na sioni ni wapi Itifaki inaruhusu kuchanganya haki hizo mbili. Kwa maoni yangu, waliotia saini mwaka 2009 walikuwa wakimfikiria mwalimu, daktari au mhandisi anayevuka kwenda kuajiriwa ng'ambo. Mtu anayevuka na ajira yake ndani ya begi hakuwa mezani siku hiyo.

#4 NyotaYaMvita

Salaam kutoka Mombasa. Kwetu Kenya swali hili limejibiwa nusu. Mwezi Oktoba 2024 Rais William Ruto alitangaza kibali maalumu cha wafanyakazi wa mbali, ambacho sasa ni daraja N, kwa ajili ya mtu anayeishi Kenya huku mwajiri au wateja wake wakiwa nje ya nchi. Nikiangalia hilo, naona linampinga Mwanakagera moja kwa moja. Iwapo kazi ya kompyuta kwa mteja wa nje ingekuwa inaruhusiwa kwa muhuri wa mgeni wa kawaida, serikali ingeunda kibali kizima kwa sababu gani?

#5 Pwani_Kusini

Dada Nyota, hoja hiyo inageuka. Kibali cha daraja N kilibuniwa kwa ajili ya Mjerumani au Mmarekani mwenye kipato kikubwa cha dola anayetaka kukaa Nairobi kwa muda mrefu. Angalia wenzetu waliotangulia: Mauritius tangu mwaka 2020 inataka uonyeshe kipato cha dola 1,500 kwa mwezi, na Namibia tangu mwaka 2022 inataka dola 2,000. Hivyo ni vibali vya kuvuta fedha za kigeni, havikutungwa kumzuia Mtanzania ambaye Jumuiya ilishampa nafasi yake. Kuhusu kitambulisho nimekuelewa, Karani, na ninashukuru.

#6 Karani_wa_Sheria

Pwani, kuna jambo moja katika maelezo yako ya Mutukula linalonitia wasiwasi zaidi kuliko ibara zote. Ulijibu matembezi. Hilo ni tamko ulilolitoa mbele ya afisa wa serikali. Siku ambayo mtu ataamua kukufuatilia, hatahitaji kubishana nawe kuhusu ibara ya 10 wala ya 13. Atakuonyesha tamko lako na kukuuliza ulikuwa ukitembelea nini miezi yote hiyo, kila siku kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwenye nia ya kufanya kazi na aseme kwamba anafanya kazi kwa wateja wa nje, kisha asikilize anachoambiwa.

#7 Pwani_Kusini

Na akiambiwa arudi Bukoba?

#8 Karani_wa_Sheria

Atarudi Bukoba akiwa na pasipoti safi, na ataomba kibali. Kufukuzwa nchini hubaki kwenye kumbukumbu muda mrefu.

#9 Mkamba_wa_Arusha

Naomba kuongeza upande wa pili wa shilingi, kwa kuwa mimi ni Mkenya na ninaishi Arusha. Sheria ya Tanzania ya kuratibu ajira za wageni ya mwaka 2015 inamkataza mgeni kufanya shughuli ya kumpatia malipo au faida bila kibali cha kazi. Haiulizi anayelipa amekaa wapi. Ndiyo sababu mimi nililipia kibali ingawa wateja wangu wengi hawajawahi kufika Afrika. Kisha mwezi Julai 2025 ikatoka amri ya kuwazuia wageni kufanya aina 15 za biashara, kama vile uwakala wa fedha za simu, saluni, ufundi wa simu na uongozaji wa watalii. Kazi yangu haimo katika orodha hiyo, lakini tangu amri itoke ninaulizwa maswali zaidi na majirani kuliko na maafisa. Wanaona mgeni asiyetoka nyumbani na asiyekosa kodi ya pango, nao wana haki ya kujiuliza.

Kwa hiyo, Mwanakagera, ile hoja yako ya kutogusa ajira ya mwenyeji ni nzuri kwa mtu anayetunga sera. Kwa mtu anayesimama dirishani akiwa na karatasi zake, sijui kama itamfikisha mbali.

#10 Mwanakagera

Nimezipokea hoja zote. Karani na Mkamba wananisogeza upande wao, ila bado sijashawishika kabisa, kwa sababu mwandishi wa habari wa Kenya anayekuja Dodoma kwa wiki moja hujibu barua pepe za ofisini kila usiku akiwa hotelini, na hakuna anayemwita mvunja sheria. Mstari unachorwa wapi? Kwa siku? Kwa saa? Na jambo jingine: kodi ya mapato nitailipa kwa nani?

#11 Hesabu_Safi

Hapo kwenye kodi ndipo nilipokuwa nikipasubiri, kwa sababu watu wengi huchanganya Uhamiaji na Mamlaka ya Mapato, na hizo ni ofisi mbili zenye maswali tofauti. Uhamiaji anauliza una ruhusa gani. Mtoza kodi anauliza umekaa siku ngapi, na hata ukiwa huna ruhusa yoyote, siku zako atazihesabu vilevile.

Tanzania na Kenya zote zinamhesabu mtu kuwa mkaazi kwa ajili ya kodi akifikisha siku 183 katika mwaka wa mapato, na pia akiwa na wastani unaozidi siku 122 kwa mwaka huo pamoja na miaka miwili iliyotangulia. Rwanda inaangalia siku zaidi ya 183 ndani ya kipindi chochote cha miezi 12. Sasa chukua kalenda. Miezi sita ina siku kati ya 181 na 184, kutegemea umeanzia mwezi gani. Aliyeingia Julai 1 na kutoka Desemba 31 amekaa siku 184. Tayari amevuka mstari, huku akidhani alikuwa mgeni tu aliyetumia muhuri wake wote. Na wale wanaotoka mpakani na kurudi ili wagongewe upya wajue kwamba kwa mtoza kodi siku hazianzi sifuri. Ule wastani wa siku 122 uliwekwa kwa ajili ya watu wa namna hiyo hasa: miezi minne na ushee kila mwaka kwa miaka mitatu inatosha kumnasa mtu ambaye hakuwahi kukaa nusu mwaka mfululizo.

Wakati huohuo, kuwa Kigali hakukuondoi Tanzania. Ukiwa na makazi ya kudumu nyumbani na ukawapo nchini hata sehemu ya mwaka, bado unahesabiwa mkaazi wa Tanzania, na mkaazi hutozwa kwa kipato chake cha dunia nzima.

#12 Mwanakagera

Ina maana ninaweza kuwa mkaazi wa kodi wa nchi mbili kwa mwaka mmoja?

#13 Hesabu_Safi

Ndiyo, inawezekana. Mkataba wa nchi za Jumuiya wa kuepuka kutozwa kodi mara mbili ulitiwa saini mwaka 2010 na haujaanza kutumika. Tanzania ina mikataba ya namna hiyo na nchi chache, kama Zambia, Afrika Kusini na India, lakini haina na Rwanda, Kenya wala Uganda. Kinachobaki ni nafuu iliyomo ndani ya Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004, inayokuruhusu kupunguziwa kodi kwa kiasi ulicholipa nje, nayo inadai stakabadhi. Weka daftari la tarehe za kuingia na kutoka, na upige picha kila muhuri siku hiyohiyo, kwa kuwa mihuri hufifia na kurasa hulowa.

#14 Mzee_wa_Tunduma

Vijana, mbona mnatazama kaskazini tu? Umesikia Hesabu_Safi amesema Zambia ina mkataba na sisi. Ukivuka Tunduma uko Nakonde, na tangu mwaka 2019 kituo ni kimoja kwa nchi zote mbili, hupangi foleni mara mbili.

#15 Fundi_Minara

Mzee wangu shikamoo. Nakonde ni karibu, ila mtu wa kompyuta anaishi kwa umeme. Mwaka 2024 ukame ulipokausha ziwa Kariba, Zambia ilikata umeme kwa saa nyingi kuliko zile za kuuwasha, na mimi nilikuwa Lusaka kwa kazi ya minara. Nilichokiona ni watu wanaoamka saa nane za usiku kuchaji betri, kupiga pasi na kufanya kazi, kisha wanalala alfajiri umeme ukikatika. Aliyekuwa na paneli za sola aliendelea na maisha yake. Aliyetegemea gridi alipoteza wateja, na mteja wa Ulaya haelewi habari za Kariba. Zaidi ya hapo, kule hatuna miezi sita. Mgeni wa matembezi anapata siku 90 kwa mwaka.

#16 Mzee_wa_Tunduma

Marahaba. Ukame ulikuwa wa mwaka mmoja, mwanangu, na mvua zimerudi. Msiipake nchi ya watu tope moja milele.

#17 Fundi_Minara

Ni kweli, Mzee, nami siwazuii watu kwenda. Nasema tu kwamba kabla ya kuhama, mtu aulize umeme na intaneti vinatoka wapi. Kuhusu intaneti, wengi hawajui kwamba sisi sote tunakunywa kisima kimoja. Mei 12, 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikatika, na mtandao ukazorota Tanzania, Kenya, Uganda na Rwanda kwa pamoja. Kigali na Kampala hazina bahari, kwa hiyo data yao hupita nchi kavu kupitia kwetu au Kenya kabla ya kufika pwani. Mtu aliyehama Dar es Salaam kwenda Kigali kwa kutafuta mtandao imara alikuta tatizo lilelile limemfuata. Faida ya Rwanda na Kenya ni kwamba intaneti ya setilaiti ya Starlink ilianza huko mwaka 2023, hivyo unaweza kutafuta nyumba au ofisi ya kushirikiana yenye njia mbili.

Kuna pia mtandao unaozimwa na mamlaka. Uganda ilizima intaneti wakati wa uchaguzi wa Januari 2021, na Tanzania ilizimwa kwa siku kadhaa kuanzia siku ya kupiga kura, Oktoba 29, 2025. Anayeishi kwa kompyuta ajue tarehe za uchaguzi za nchi anayokwenda kama anavyojua tarehe za kukabidhi kazi.

#18 Pwani_Kusini

Na Uganda usisahau ile asilimia 12 ya ushuru juu ya bando, iliyokuja Julai 2021 baada ya kufutwa kwa ile tozo ya shilingi 200 kwa siku ya mitandao ya kijamii. Bando langu la Kampala lilikuwa linanikera kuliko kodi ya chumba.

#19 Umm_Rayyan

Assalaam alaykum. Ninaishi Kigali na ninafanya kazi ya kutafsiri nyaraka kwa mashirika ya nje, kwa hiyo nieleze maisha yenyewe, kwa kuwa naona mnaizungumzia Kigali kama ibara tu.

Ukija kwa basi utapita Rusumo. Unavuka daraja la mto Kagera, basi linahamia upande wa kulia wa barabara, na ndani ya jengo moja unakuta dirisha la Tanzania la kukugongea muhuri wa kutoka na dirisha la Rwanda la kukugongea wa kuingia. Mifuko ya plastiki iache nyumbani, imepigwa marufuku tangu mwaka 2008 na mizigo hukaguliwa. Ukifika mjini, saa yako irudishe nyuma kwa saa moja. Wengi hudhani saa ni ileile Jumuiya nzima, lakini Rwanda na Burundi ziko nyuma yetu. Kwa Mwanakagera hilo ni jambo jema: majira ya kiangazi ya Ulaya, saa ya Kigali na ya Berlin ni ileile, na majira ya baridi wewe unatangulia kwa saa moja tu. Vikao vyangu vya saa tatu asubuhi kwa wateja ni saa tatu asubuhi kwangu pia.

Nyumba nyingi zina mita za umeme za malipo ya kabla. Wanaita Cash Power, ni kama LUKU yetu: unalipa kwa simu, zinakuja tarakimu ishirini, unazibonyeza kwenye kile kisanduku cha ukutani mpaka kikubali. Jifunze kubonyeza gizani. Tarakimu moja ikikosewa unaanza upya, na kama uko kwenye kikao basi wenzako wanakusubiri. Laini ya simu nilisajili kwa pasipoti. Mwenye nyumba hakunipa funguo kabla ya kunipeleka kwa kiongozi wa mudugudu kunitambulisha, jambo ambalo kwa mtu aliyezoea mwenyekiti wa mtaa halina ugeni. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni umuganda, kuanzia saa mbili hadi saa tano asubuhi; maduka hufungwa, watu hutoka kusafisha mitaro na kufyeka majani. Mimi hutoka. Siku ile ya kwanza niliyoshika jembe ndiyo siku ambayo majirani walianza kuniita kwa jina.

Kiswahili kimekuwa lugha rasmi tangu mwaka 2017, ila sokoni na kwenye pikipiki utahitaji Kinyarwanda cha kutosha kuelewana bei.

#20 Mwanakagera

Shukrani sana dada yangu, hili la saa nilikuwa silijui. Naomba kuuliza bila kuingilia: wewe unakaa kwa muhuri au kwa kibali?

#21 Umm_Rayyan

Kwa kibali, ndugu yangu. Nilianza kwa muhuri wa mgeni, na nilipoona nimepapenda nilikwenda ofisi ya Uhamiaji nikaeleza kazi yangu yote bila kuficha. Yule afisa hakunikemea wala hakunishangaa. Aliniuliza mkataba wangu na shirika la nje uko wapi na nani analipa kodi yake wapi, kisha akaniambia niombe kama mtu anayejiajiri. Kwa hiyo katika ubishi wenu wa ibara ya 7 na ya 13, mimi niliwekwa upande wa Karani. Lakini rafiki yangu Mganda anayefanya kazi kama yangu aliambiwa na afisa mwingine kwamba alimradi hana mteja ndani ya Rwanda, akae tu kwa muhuri mpaka uishe. Watu wawili, ofisi moja, majibu mawili.

#22 Pwani_Kusini

Mmesikia! Mganda yule ni shahidi wangu.

#23 Karani_wa_Sheria

Shahidi wako ana jibu la mdomo, ndugu yangu. Umm_Rayyan ana karatasi. Tuone ni nani atalala vizuri afisa yule akihamishwa.

#24 NyotaYaMvita

Wote mmesahau mzizi wa fitina, ambao ni kupokea malipo. Watanzania wengi ninaofanya nao kazi wanahama kwa sababu akaunti ya PayPal ya Tanzania inatuma fedha lakini haipokei, wakati ya Kenya inapokea, na mtu anaweza kuziingiza M-Pesa. Wanafikiri wakifika Nairobi mambo yamekwisha. Wakifika wanakuta kwamba kufungua akaunti ya benki kunahitaji namba ya mlipa kodi ya Kenya na kitambulisho cha mgeni, na kitambulisho hicho hutolewa kwa mwenye kibali. Mgeni wa muhuri anazunguka duara: hana akaunti kwa sababu hana kibali, na hana cha kuonyesha kwenye kibali kwa sababu kipato chake hakipiti kwenye akaunti. Laini ya M-Pesa anapata kwa pasipoti, lakini mteja wa Ulaya anataka akaunti ya benki yenye jina la mtu. Na tukumbushane kwamba sheria ya Kenya ya mwaka 2011 inamtaka mgeni anayekaa zaidi ya miezi mitatu ajisajili. Miezi sita ya Jumuiya haikufuta hilo.

#25 Hesabu_Safi

Nyota amesema kweli, ila napunguza chumvi kidogo: mwenye akaunti ya dola nyumbani anaweza kulipwa kwa hawala ya benki akiwa popote, akatoa kwa kadi. Makato yanauma, ila njia ipo.

#26 Mama_Wawili

Ninasoma tangu jana na nina swali la pembeni. Kwa nini Zanzibar na Diani ya Kenya tunawaona wageni kutoka Ulaya wamejaa na kompyuta zao, na sisi wenyewe hatujazani Kigali wala Kampala ilhali tunaingia bila viza? Mume wangu anasema ni fedha. Mimi nadhani ni jamaa. Kijana wa Kizungu akisema anafanya kazi akiwa ufukweni, kwao wanaelewa. Wa kwetu akiwa Kigali na kompyuta, nyumbani wanasema amekwenda kutembea, na kila msiba, kila harusi, kila ada ya shule anapigiwa simu kama mtu asiye na shughuli.

#27 Mkamba_wa_Arusha

Mumeo yuko karibu na ukweli, ila si fedha ya nauli. Ni amana. Mwenye nyumba anataka miezi mitatu au sita mbele, samani huna, na ukiondoka baada ya muhuri kuisha hakuna anayekurudishia. Yule wa Ulaya analipia nyumba yenye kila kitu kwa mwezi, kwa bei ambayo kwake ni ndogo. Soko la nyumba za kati, za mtu wa Afrika Mashariki anayekaa miezi minne, halijajengwa na mtu bado.

#28 Fundi_Minara

Mimi naona ni kwa sababu mtu wetu mwenye kazi ya mteja wa nje anaogopa kuipoteza kwa siku moja ya giza. Nyumbani anajua jirani gani ana jenereta.

#29 Mzee_wa_Tunduma

Na mimi nasema mnahama sana, ila hamjiiti kwa majina mapya. Wafanyabiashara wa hapa Tunduma wanaishi nusu Zambia nusu Tanzania tangu kabla ya hizo kompyuta. Mama_Wawili aje aone.

#30 Mwanakagera

Nimefikia uamuzi wa hatua inayofuata. Nitaandika barua kwa Uhamiaji wa Rwanda kabla ya kusafiri, nikieleza kazi yangu, wateja wangu walipo na muda ninaotaka kukaa. Nitauliza mambo matatu: iwapo pasi ya mgeni wa Jumuiya inaruhusu kazi ya mbali kwa mteja wa nje, kama hairuhusu, niombe kibali cha aina gani, na kama niko chini ya miezi mitatu, je, ile pasi maalumu aliyoitaja Karani inanihusu mimi nisiye na mwajiri nchini mwao. Jibu nitakaloletewa nitaliweka hapa kama lilivyo.

#31 Pwani_Kusini

Mkuu, kwa heshima zote, usiandike. Leo una nafasi ya kutafsiri ukimya wa sheria kwa faida yako. Ukishauliza kwa maandishi na ukajibiwa hapana, umejifungia wewe na umetufungia sisi sote tunaokaa kwa muhuri.

#32 Umm_Rayyan

Andika, na uambatanishe nakala ya mkataba mmoja. Bila mkataba watakujibu kwa maneno ya jumla.

#33 Hesabu_Safi

Na uongeze swali la nne, la siku: popote utakapoanzia, omba tarehe zitakazokurudisha nyumbani kabla hujafikisha siku 183. Pwani anaogopa jibu la Uhamiaji, lakini kwa watoza kodi, uandike usiandike, hakuna tofauti. Wao wanahesabu tu.

#34 Karani_wa_Sheria

Pwani, wanaokaa kwa muhuri wanategemea afisa mmoja mmoja, na hilo ulilishuhudia kwa yule Mganda. Jibu la hapana lililoandikwa linaweza kukatiwa rufaa, na linaweza kupelekwa Arusha kwenye Mahakama ya Jumuiya kuuliza ibara ya 13 ina maana gani kwa mtu wa aina hii. Mwanakagera, ukijibiwa, weka barua yote hapa, ukifunika namba ya pasipoti.